Antena ya Kabongo igeuzwe kwa mkono, mota ingoje

Aliyekulia karibu na televisheni ya jirani anaijua kazi ya mtoto wa nje. Watu wazima wamejaa ndani kuangalia mpira, picha imejaa chenga, na mtoto anatumwa kushika mti wa antena. "Geuza! Kidogo tena! Umepita, rudisha! Hapo, acha hapo hapo!" Mtoto mwenyewe haoni picha hata moja, lakini mkono wake ndio unaoleta goli ndani ya nyumba. Antena nyingi za Kongo zimegeuzwa hivyo, kwa mkono na kelele, bila kuunguza hata tone moja la esansi.

Kazi ya mtoto yule inafaa kukumbukwa kila mara watu wa Kabongo wanapozungumza juu ya kusimamisha mnara wa redio ya ridhaa. Redio hiyo haipigi miziki wala matangazo. Ni ya watu wanaoruhusiwa na Serikali kusemeshana kutoka mbali, bila malipo na bila biashara. Mnara ukitajwa tu, kitu cha kwanza kutamaniwa ni mota ya kugeuza antena, ile ambayo mafundi wanaiita rotata. Msemaji anakaa kwenye kiti, anabonyeza kifungo, na kule juu antena inazunguka yenyewe. Ni kitu kizuri, hakuna ubishi. Lakini kwa Kabongo ya leo mota hiyo inapaswa kununuliwa mwisho kabisa. Antena igeuzwe kwa mkono, na makuta yanayobaki yaende kwenye vitu vinavyofanya ujumbe ufike.

Ujumbe wenyewe si mchezo. Katanga ya zamani, ambayo mwaka 2015 iligawanywa na Haut-Lomami ikawa jimbo, imeona watu wakikimbia mara nyingi. Wazee wanaikumbuka pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto, ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo. Kuanzia Agosti 2016 vita vya Kamuina Nsapu vilitoa watu Kasai, na miaka ile ile ugomvi wa Watwa na Waluba ukahamisha maelfu kwa maelfu katika jimbo la Tanganyika. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23 na familia zikatawanyika tena. Kila mara, mama anayefika na mtoto mgongoni anauliza chakula, anauliza pa kulala, kisha anauliza wengine wako wapi.

Simu inaweza kumjibu pale penye mtandao na pa kuchaji. Mnara wa simu ukizimika, jibu linazimika nao. Ndiyo sababu foni haijafa Kongo. Kwa miaka mingi misheni, hospitali na wafanyabiashara wamesemeshana kwa kisanduku kimoja, batri moja ya gari na waya uliofungwa kati ya miti miwili.

Waya huo ndio mahali pa kuanzia, kwa sababu unaonyesha ni lini antena inahitaji kugeuzwa na ni lini haihitaji. Mawimbi ya foni hupanda juu, hugonga tabaka la anga na kurudi ardhini. Waya wa karibu mita 20, uliotandazwa kwenye kimo cha mita 5 hadi 10 na kutumiwa kwenye masafa ya megahezi 7 mchana, hutupa mawimbi wima, nayo hushuka kama mvua pande zote. Kamina iko karibu kilomita 170 kutoka Kabongo kwa mstari ulionyooka, Mbuji-Mayi karibu 260, Kalemie karibu 430. Kote huko waya wa chini unatosha, na haugeuzwi hata siku moja. Familia iliyotoka upande wa Kalemie haihitaji mnara mrefu ili salamu zake zifike Kabongo. Inahitaji waya, batri iliyojaa na mtu mwaminifu kila upande kwa saa iliyopangwa.

Antena ya kugeuka inakuwa na maana kwa safari ndefu. Kinshasa iko karibu kilomita 1,200 upande wa magharibi. Brussels, ambako Wakongo wengi wanaishi, iko zaidi ya kilomita 6,500. Kwa umbali huo antena ya Yagi, yenye fimbo mbili au tatu zilizopangwa mbele na nyuma, hukusanya nguvu na kuzisukuma upande mmoja, kama tochi inavyokusanya mwanga. Tochi lazima ielekezwe. Hapo ndipo swali la mota linapoanza, na hapo ndipo watu wanapokosea.

Haki inataka mota ielezwe kwanza inavyofungwa. Mnara wenyewe haugeuki. Ndani ya ncha yake mafundi hufunga bamba la chuma, na mota hukaa juu ya bamba hilo. Mlingoti, yaani bomba nene la chuma, hushikwa na mota kwa chini, kisha hupita katika beringi iliyofungwa kwenye kilele cha mnara. Antena hufungwa kwenye mlingoti, juu ya beringi. Kazi ya beringi ni kupokea msukumo wa upepo ili mota ibaki na kazi moja tu ya kuzungusha. Mlingoti usiponyooka sawasawa na mota, hata kwa tofauti ndogo, mota hujikaza kila inapozunguka na gia zake huliwa polepole. Kebo ya redio nayo lazima iachiwe kitanzi kilicholegea, la sivyo itajizungusha kwenye mlingoti mpaka ikatike. Ni kazi ya ufundi safi. Ikifanywa vizuri inadumu miaka.

Lakini Kabongo kuna matatizo matatu ambayo ufundi peke yake hauyamalizi.

La kwanza ni moto wa umeme. Mota nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa nyumba yenye umeme wa volti 220. Penye paneli na batri inabidi kuongeza kisanduku cha kugeuza umeme, na kebo nyingine yenye nyaya tano au sita inayopanda hadi juu. Mota haili moto mwingi, kwa kuwa mzunguko mzima huchukua kama dakika moja. Tatizo ni kwamba kila kisanduku kinachoongezwa ni kisanduku kinachoweza kufa. Redio ya wati 100 peke yake huvuta karibu ampea 20 kwenye batri wakati msemaji anasema. Mwenye makuta ya mota na batri iliyochoka amenunua kofia wakati hana viatu.

La pili ni vipuri. Gia ikivunjika, au kipimo kinachoonyesha antena inatazama wapi kikikauka, kipuri hakipatikani kwenye soko la Kabongo. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, na barabara hainyooki. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Chombo ambacho fundi wa kinga wa mtaani hawezi kukifungua na kukirudisha kitabaki juu kimekwama, kikitazama upande mmoja, hata kama watu wanaosubiriwa wako upande mwingine.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mota iko juu, na kila inapougua inaita mtu apande. Kuitoa kunataka antena na mlingoti vishikiliwe angani wakati boliti zinafunguliwa. Kazi hiyo inataka watu waliofundishwa, kapi imara na mikanda ya usalama inayoshika kiuno na mapaja. Mara nyingi anayepanda ni kijana mwenye moyo, mguu peku, kamba ya katani kiunoni, na watu chini wakimshangilia. Hakuna habari ya ndugu wa mbali inayostahili kulipiwa na kilio cha nyumba ya karibu.

Njia ya mkono inaondoa matatizo haya yote matatu kwa wazo moja: badala ya kugeuza ncha ya mnara, mlingoti wote ugeuke kuanzia chini. Bomba la chuma la inchi 2, urefu wa mita 9 au 10, linasimamishwa juu ya msingi wa saruji. Katikati ya msingi kunachomoza kipande cha nondo nene kinachoingia ndani ya bomba, au kunafungwa kitovu cha gurudumu la gari la zamani chenye beringi zake. Karibu na juu, na tena katikati, bomba linavishwa pete ya chuma iliyolegea, inayokaa juu ya kizuizi kilichochomelewa ili isishuke. Kamba za waya za kushikilia mlingoti, tatu au nne zenye nafasi sawa, hufungwa kwenye pete na kuvutwa hadi kwenye vigingi. Mlingoti unageuka ndani ya pete, kamba hazisogei. Grisi kidogo kila baada ya miezi michache inatosha.

Kwenye kimo cha kifua bomba linatobolewa tundu na kupitishwa fimbo ya chuma ya mita moja. Hiyo ndiyo mota. Mtu mmoja anaishika kwa mikono miwili na antena inageuka. Upepo ukija, fimbo inafungwa kwa kamba kwenye kigingi. Kizuizi kidogo kwenye msingi kinazuia mlingoti usipite mzunguko mmoja, ili kebo isijisokote. Antena yenyewe iwe nyepesi. Waya uliofungwa juu ya mianzi mikavu unafanya kazi ileile ya bomba za aluminiamu, na kwa masafa ya megahezi 14 kila fimbo inahitaji urefu wa karibu mita 10 kutoka ncha hadi ncha.

Faida kubwa inaonekana siku ya matengenezo. Mlingoti unalazwa chini kwa kamba, polepole, na fundi anafanya kazi miguu yake ikiwa ardhini. Kulaza nako kuna sheria zake: mtu mmoja tu atoe amri, watoto wawe mbali kuliko urefu wa mlingoti, upepo uwe umetulia, na kusiwe na waya wa umeme karibu kwa umbali wa mara mbili ya urefu huo. Kazi hii inafanyika kiangazi, kabla ya mvua kurudi. Ngurumo za Katanga hazina heshima kwa bomba la chuma: mlingoti uunganishwe na nondo iliyozikwa ardhini, na mawingu yakikusanyika kebo itolewe kwenye redio na kutupwa nje.

Wapo watakaosema mkono hauwezi kulenga sawasawa kama mota yenye kipimo cha nyuzi. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini haijui antena. Yagi ndogo ya fimbo mbili hutupa nguvu zake kwenye pembe pana, zaidi ya nyuzi 60. Kukosea kwa nyuzi 10 hakusikiki upande wa pili. Kinachohitajika ni mawe manane tu kuzunguka msingi, yaliyopakwa chokaa. Kinshasa iko karibu nyuzi 285, yaani magharibi na kupanda kidogo kaskazini. Goma iko karibu nyuzi 33, kaskazini-mashariki. Lubumbashi karibu 155, kusini na kulalia mashariki. Brussels karibu 345, kaskazini na kulalia kidogo magharibi. Mtu asiyejua kusoma anaweza kupeleka fimbo kwenye jiwe la Goma.

Hata kaskazini yenyewe haihitaji chombo cha kununua. Mti ulionyooka unasimikwa ardhini na kuchorewa duara kuuzunguka. Asubuhi ncha ya kivuli inapogusa duara panawekwa alama, na mchana baadaye inapogusa tena panawekwa alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo unatoka magharibi kwenda mashariki, na alama ya asubuhi ndiyo ya magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe mraba ni wa kaskazini na kusini. Mwalimu wa shule anaweza kufanya kazi hiyo na darasa lake kwa siku moja, na watoto wakajifunza jiografia kuliko wiki nzima ya ubao.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: usiku, mvua inanyesha, nani atatoka kushika fimbo? Ni kweli kwamba mota inampa msemaji raha hiyo. Lakini mvua ya ngurumo ni wakati wa kuzima redio, si wa kusema. Na mlingoti unaosimama kando ya ukuta unaweza kupitishwa kamba mbili dirishani, moja ya kuvuta kulia na moja kushoto. Kwa mnara mrefu wenye antena nzito mkono hautoshi, na hapo mota ina haki yake. Ila mnara wa namna hiyo ni wa kituo chenye fundi wa kudumu, mikanda ya kupandia, umeme wa uhakika na makuta ya vipuri. Siku Kabongo itakapokuwa na vitu hivyo vinne, mota inunuliwe bila maneno.

Wengine, bila kusema wazi, wanaona aibu. Wanaona antena ya mianzi inayogeuzwa kwa fimbo kuwa kitu cha masikini, na mota kuwa maendeleo. Familia inayongoja habari haiulizi antena imegeuzwa na nini. Inauliza kama jina limesikika.

Na kuhusu majina, kuna jambo ambalo mnara wa aina yoyote hautalitatua. Kanuni za kimataifa za redio zinakataza redio ya ridhaa kutumia maneno ya siri ili kuficha maana. Kila kinachosemwa kinaweza kusikilizwa na yeyote mwenye kipokezi, akiwemo yule aliyewafanya watu wakimbie. Kwa hiyo msemaji asitaje kijiji ambako familia imejificha, wala njia itakayopita kesho. "Mama yuko salama, watoto watatu wako naye" ni ujumbe uliokamilika. Kwa utafutaji wa mtu aliyepotea, Msalaba Mwekundu wana kazi yao ya kuunganisha familia, na redio isijifanye kuchukua nafasi yao. Kanuni hizohizo zinaruhusu kupeleka ujumbe wa watu wengine kuvuka mpaka wa nchi wakati wa dharura na maafa tu, na kwa nchi yenyewe Serikali ndiyo inayopanga. Hakuna ruhusa ya kudai makuta kwa salamu. Anayeuza ujumbe wa mkimbizi amevunja sheria na ameivunja heshima ya chombo.

Karatasi nazo zitangulie mlingoti. Mawasiliano nchini yanaongozwa na sheria ya 25 Novemba 2020, na ruhusa ya kusema hewani inatolewa na mamlaka ya usimamizi, ARPTC. Bwana Administratera wa teritwari na mfalme wa eneo waambiwe kabla bomba halijasimama. Katika nchi iliyoona vita, antena mpya juu ya nyumba inazua maneno mapema kuliko inavyoleta habari. Mlingoti uliosimamishwa mchana mbele ya watu wote, na mawe yake ya chokaa yenye majina ya miji, hauna cha kuficha.

Kwa hiyo wenye nia ya kujenga, iwe kanisa, shule, kituo cha afya au vijana wa mtaa, wapange hesabu yao hivi: ruhusa kwanza, kisha redio na batri nzuri na paneli ya kuijaza, kisha waya wa chini kwa majirani wa Kamina, Mbuji-Mayi na Kalemie, kisha nondo ya radi. Baada ya hapo mlingoti wa kugeuka kwa mkono, kwa ajili ya walio mbali. Watu wawili au watatu wafundishwe kila kazi, wanawake wakiwemo, ili mmoja akisafiri kituo kisifungwe. Mota iandikwe mstari wa mwisho wa karatasi, na kama makuta yataisha kabla ya kuufikia mstari huo, hakuna aliyepoteza kitu.

Jioni moja mtu atakaa ndani akisikiliza, na mwingine atakuwa nje ameshika fimbo kwenye jiwe la Goma. "Kidogo tena. Rudisha. Hapo, acha hapo." Safari hii ndani hakuna mpira. Yuko mama mmoja kwenye kiti cha mbao, anangoja kusikia jina.